Toyota Probox: gari la mzigo tulilolijaza watu

Probox ni gari zuri sana kwa kazi lililotengenezewa, yaani watu wawili mbele na mzigo nyuma. Kwa kazi hiyo ni vigumu kupata gari dogo la petroli linalostahimili barabara zetu kama hili, lisilokunywa mafuta hovyo, na ambalo fundi wa mtaa wowote, Tandale hadi Eldoret, anajua kulifungua na kulifunga. Lakini huku kwetu limegeuzwa mchomoko, yaani gari dogo la kubeba abiria kwa nauli. Mbele wanakaa wanne, katikati watano, kwenye buti watatu. Tathmini ya Probox isiyogusa matumizi hayo haimsaidii mnunuzi.

Toyota ilianza kuliuza Japani mwaka 2002 kuchukua nafasi ya Corolla Van. Lililengwa kwa kampuni zinazosambaza vifaa, mafundi wanaozunguka kwa wateja na maofisa mauzo wanaoshinda barabarani, na hilo linaonekana kila sehemu ya gari. Dashibodi ni plastiki ngumu inayofutika kwa kitambaa cha maji, na ina trei ya kuvuta ambayo dereva anaandikia risiti au kuwekea sahani ya chakula. Mwili ni wa pembe nne, mlango wa nyuma umesimama wima, na ukilaza kiti cha nyuma unapata sakafu bapa ya karibu mita 1.8. Vioo ni vikubwa na vimesimama, hivyo dereva anajua kona za gari lake zilipo hata kwenye maegesho ya Kariakoo. Sura yake wengi hawaipendi. Ni haki yao, ila mraba huo ndio unaomeza magunia.

Ukiona tangazo la kuuza, anza na namba ya chesisi kabla ya rangi. NCP50 ni van ya injini ya 1.3, NCP51 ni van ya 1.5, NCP55 ni 1.5 inayovuta magurudumu manne. NCP58 ni wagon, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu, na uzalishaji wake ulikoma 2013. Kuanzia 2014 kuna NCP160 yenye gia za CVT (otomatiki zisizo na hatua) na pua mpya, na haibridi ikaja baadaye ikiwa NHP160. Tofauti ya 2014 haikuishia kwenye sura. Toleo hilo lilikuja na mfumo wa kuzuia gari lisiserereke kwenye kona pamoja na rimu 14 badala ya 13. Kama bajeti inaruhusu, chukua la 2014 kwenda mbele, na sababu ya kwanza iwe huo mfumo. Kenya ambako gari lililozidi miaka 8 haliingii, uamuzi huo mnunuzi wa gari jipya kutoka bandarini ameshafanyiwa. Tanzania la zamani linaingia, ila linabeba ushuru wa uchakavu, kwa hiyo piga hesabu ya jumla kabla ya kushangilia bei ya mnadani.

Sasa zunguka nyuma. Kwenye mlango wa buti wa van huwa kuna kibandiko kidogo cha maandishi ya Kijapani chenye namba 400 na, pembeni yake kwenye mabano, 250. Kama kimebanduliwa, namba hizo zimo pia kwenye hati ya usafirishaji kutoka Japani. Maana yake ni kwamba wakikaa watu wawili gari linabeba kilo 400 za mzigo, na wakikaa watano linabeba kilo 250. Wajapani wanamhesabu mtu mmoja kuwa kilo 55. Fanya hesabu: watu watano ni kilo 275, ongeza 250, unapata 525. Huo ndio mwisho wa gari lenyewe, ambalo likiwa tupu lina uzito wa takribani tani moja tu. Hata mchomoko wenye dereva na abiria tisa tu wa wastani wa kilo 65 una kilo 650 kabla ya begi hata moja kupakiwa. Weka na mizigo ya kilo 100, umefika 750. Gari limezidiwa kilo 225, na sehemu kubwa ya ziada hiyo imekalia ekseli ya nyuma.

Wa kwanza kulipa deni hilo ni tairi. Van iliyotoka Japani na rimu 13 ilikuja na tairi 155R13 ya 6PR (kipimo cha uimara wa matabaka), yenye herufi LT, yaani tairi ya mzigo. Ikiisha, muuzaji anakupa 155/80R13 ya kawaida, inaingia vizuri, bei nafuu, na kwa macho hazina tofauti. Soma ubavuni. Tairi ya abiria ya saizi hiyo kwa kawaida ina namba 79, ambayo ni kilo 437 kwa tairi moja. Ya mzigo ina 85, ambayo ni kilo 515. Kwa tairi mbili za nyuma umepoteza kilo 156 za uwezo bila kujua, kwenye gari ambalo tayari limezidiwa. Tairi iliyolemewa hujikunja ubavu kila inapozunguka, kujikunja kunaleta joto, na joto linaachanisha matabaka ya nyuzi na mpira. Ndiyo maana tairi hupasuka saa nane mchana baada ya mwendo mrefu, si asubuhi. Toleo la rimu 14 linahitaji 155/80R14 yenye 88/86 na herufi LT. Usikubali chini ya hapo.

Upepo nao usijazwe kwa mazoea ya "thelathini thelathini". Kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinaonyesha upepo wa mbele na wa nyuma, likiwa tupu na likiwa na mzigo, na nyuma kukiwa na mzigo huwa juu zaidi. Namba ziko kwa kPa, na kPa 100 ni kama PSI 14.5. Pima tairi zikiwa za baridi. Halafu tafuta tarakimu nne mwishoni mwa mstari unaoanza na neno DOT ubavuni mwa tairi; ndizo tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye kashata nzito inaweza kuwa na miaka kumi, na mpira uliokauka hauoneshi dalili hadi siku yake.

Baada ya tairi zinafuata springi. Nyuma ya Probox kuna koili, si majani, na zikilemewa kwa muda mrefu zinalala. Hapo fundi anapendekeza kupachika spesa za mpira katikati ya mizunguko ya koili, au kuweka koili ngumu zaidi huku shokapu zikibaki zilezile. Spesa inazuia mizunguko miwili mitatu isifanye kazi, mzigo wote unahamia kwenye iliyobaki, na koili inakatika palepale pembeni ya mpira. Koili ngumu yenye shokapu ya kawaida inaruka ruka. Gari likipita matuta ya rasta kwa kasi, tairi za nyuma zinaachana na lami, na dereva anahisi mkia unatembea wenyewe. Hiyo ndiyo hali inayosababisha gari kugeuka kwenye kona isiyo kali, kisha watu wanasema usukani uligoma. Dawa halisi ni koili mpya za saizi yake na shokapu zake, mbili kwa pamoja, na mzigo usiozidi kibandiko.

Mkia ukilala, pua inainuka. Taa za mbele zinapiga machoni mwa anayekuja badala ya barabarani, na tairi za mbele, ambazo ndizo zinazokata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki, zinakuwa nyepesi. Likiwa na kitufe cha kuzungusha cha kushusha taa karibu na usukani, kitumie kila unapopakia. Madereva wengi hawajawahi kukigusa.

Breki ni diski mbele na ngoma nyuma. Mpangilio huo unatosha kabisa kwa kilo 525. Kwa kilo 750 kwenye mteremko wa Kitonga au Salgaa hautoshi, na tatizo si padi peke yake. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi joto 205, lakini yananyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya vya kutosha kiwango cha kuchemka kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mapovu, mapovu yanabanika, na pedali inazama hadi sakafuni. Badilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili. Kuongezea juu hakuondoi maji. Teremka na gia ya chini tangu kileleni, si baada ya kunusa harufu. Fungua ngoma za nyuma kila unapobadilisha padi za mbele: vumbi la breki shuu hujaa humo, na silinda ndogo ikianza kuvuja utaona unyevu ndani ya gurudumu kabla pedali haijakuambia. Na kumbuka kwamba ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza inaongezeka kwa zaidi ya nusu.

Viti ndipo palipo na kasoro kubwa ya muundo kwa anayebeba watu. Kiti cha nyuma cha van ni chembamba na kimesimama kwa sababu kilitengenezwa kikunjwe. Daraja la DX, la chini, kwa kawaida halina vizuia kichwa nyuma. Gari likigongwa kwa nyuma, shingo ya aliyekaa hapo haina cha kuishika, na mlango wa buti uko karibu sana. Watu waliokaa ndani ya buti lenyewe hawana kiti, hawana mkanda, na wamekaa mahali pa kwanza kugongwa.

Mtindo wa dereva kugawana kiti na abiria unastahili kukatazwa na kila mwenye gari anayetaka gari lake lirudi. Dereva aliyesukumwa kuelekea mlangoni hawezi kufunga mkanda, kiwiko chake cha kulia kimebanwa hivyo hazungushi usukani kamili, na mguu unafika kwenye pedali kwa pembeni. Eabegi (mfuko wa hewa) ya usukani inahitaji mtu aliyekaa katikati yake, kifua kikiwa angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani. Aliyekaa kiupande inampiga begani au inamkosa.

Kabla ya kulipa, vuta kila mkanda kwa ghafla uone unajifunga, kisha uachie uone unarudi wenyewe. Ya nyuma mara nyingi imezikwa chini ya kiti, na huenda ilikatwa zamani. Washa swichi hadi ON bila kuwasha injini, tazama taa ya SRS (ya eabegi) na ya ABS (ya mfumo wa kuzuia breki zisikwamishe magurudumu). Lazima ziwake, kisha zizime ndani ya sekunde chache. Isiyozima ina hitilafu. Isiyowaka kabisa ni mbaya zaidi, kwa sababu huenda mtu ameichomoa ili usijue kwamba eabegi ilishapasuka na usukani umezibwa tu. Na kama gari lina ngao ya chuma mbele, iondoe. Inabadilisha jinsi pua inavyojikunja na jinsi sensa zinavyosoma mgongano, na kwa mtembea kwa miguu ni nondo.

Wa pwani wana jambo moja la ziada. Eabegi za Takata zilizorudishwa kwa mamilioni duniani zilikuwa na kemikali inayoharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi, hadi chombo chake kinapasuka na kurusha vipande vya chuma. Magari mengi ya Kijapani ya miaka hiyo yalihusika, ya kampuni mbalimbali, na hewa ya Dar, Tanga, Mombasa na Unguja ndiyo hasa inayoharakisha uharibifu huo. Ukurasa wa Toyota Japani wa marekebisho unapokea namba ya chesisi na kukuonyesha kama gari lako limo. Fanya hivyo kwa gari lolote la mtumba, si hili tu.

Injini haina maneno mengi. 1NZ-FE ya 1.5 inatumia cheni, si mkanda, na inachukua oili lita 3.7 pamoja na filta. Ibadilishe kila kilomita 5,000. Iliyotembea kilomita nyingi huanza kula oili. Moshi wa bluu asubuhi ndiyo dalili, na kijiti cha oili kikaguliwe kila wiki. Kwa gia za otomatiki za kabla ya 2014, soma aina ya mafuta iliyochapwa kwenye kijiti chake. Ya CVT inataka mafuta ya CVT ya Toyota, FE. Ukiitia ATF (mafuta ya gia za otomatiki) ya kawaida umeinunulia kaburi.

Kwa fundi bomba, mwenye duka la vifaa, msambazaji wa mikate au mkulima wa mboga, van ya NCP160 ni chaguo la kwanza. Funga mzigo kwa kamba kwenye ndoano za sakafuni na uuegemeze kwenye kiti kilichosimama, kwa sababu hakuna ukuta kati yako na mtungi wa gesi uliouacha huru. Kwa familia yenye watoto, pesa hiyohiyo tafutia Corolla Fielder. Mengi yana injini hiyohiyo ya 1.5, fundi ni yuleyule, na nyuma kuna vizuia kichwa.