Skrini ya mguso: rezistivu au kapasitivu?

Zote mbili huitwa skrini za mguso, lakini ya rezistivu kwa kweli inategemea kubonyezwa. Ina matabaka mawili membamba yanayopitisha umeme, yaliyotenganishwa na nafasi ndogo sana. Ukibonyeza, tabaka la juu linapinda hadi kugusa la chini, na kifaa hupima volteji ili kujua ni mahali gani. Ndiyo maana inakubali kucha, kalamu ya plastiki, hata mkono wenye glavu. Nintendo DS, kifaa cha mkononi cha michezo ya video cha mwaka 2004, ilitumia aina hii.

Kapasitivu haihitaji kubonyezwa kwa nguvu. Chini ya kioo kuna gridi ya nyuzi zisizoonekana zenye chaji. Kidole hupitisha umeme, kwa hiyo hubadilisha chaji pale kinapogusa. Inatambua vidole kadhaa kwa pamoja, na hapo ndipo inaposhinda: kukuza picha kwa kutanua vidole viwili kulizoeleka baada ya iPhone ya 2007. Kioo chake pia hakipati mikwaruzo haraka kama plastiki ya juu ya rezistivu. Ila matone ya mvua huichanganya.

Kwa simu, sioni sababu ya kuchagua rezistivu. Kwa mashine ya kiwandani, ambako fundi havui glavu, ningeichukua bila kusita.