Uzoefu wangu: mizamo kumi Ghuba ya Chole, Mafia, na kwa nini saa ya maji ndiyo huduma yenyewe

Nimemaliza kifurushi cha mizamo kumi, yaani kushuka mara kumi chini ya maji na mtungi wa hewa, kwa siku tano katika Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, mwishoni mwa kaskazi. Kituo cha kupiga mbizi nilichotumia nakipa nyota nne kati ya tano. Jina silitaji, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza unaweza kukutana nazo popote mwambao huu. Naandika kwa mtu mwenye cheti cha kupiga mbizi tayari, anayetaka kujua pesa yake inanunua nini hasa. Mtungi utaupata popote. Kwa Chole unalipia mtu anayejua maji yanajaa saa ngapi na anayekubali kupanga siku yake yote kwa kuyafuata.

Ghuba hii ina kina kifupi, imekaa katikati ya kisiwa kikuu na visiwa vya Chole na Juani, na lango lake kuu la bahari kuu ni Mlango wa Kinasi. Maji yakijaa, yanayopita mlangoni ni ya bahari kuu: ya buluu, safi, unamwona mwenzako hata akiwa mita 20 mbele. Yakianza kupwa, ghuba inatoa kila ilichonacho, tope la mikoko, mchanga, vipande vya majani ya bahari, na unabaki kuona mita saba au nane. Baya zaidi ni kwamba mkondo wa maji kupwa unakusukuma nje kwenye bahari kuu, wakati ule wa kujaa ukikupoteza unakurudisha ndani ya ghuba, mahali boti itakuona. Kwa hiyo Kinasi huzamiwa maji yakijaa. Kituo kisichofuata hilo nisingekipa hata mzamo mmoja.

Ndani ya kujaa kwenyewe pia kuna saa yake. Maji huchukua kama saa sita kujaa, na mkondo huwa na nguvu zaidi katika saa ya tatu na ya nne. Ukishuka dakika 90 hivi kabla hayajajaa kabisa, unaanza na mkondo wa kukubeba polepole na unamaliza maji yakiwa yametulia, ndipo samaki wakubwa unaweza kuwatazama bila kushindana na maji.

Sasa ipeleke hesabu hiyo kwenye mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya mwambao wetu hupwa mno kwenye saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kwenye saa kumi alasiri. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa kwenye saa nne asubuhi, na mkondo wake ni mpole. Kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika 50. Mvuvi yeyote wa kisiwa jirani cha Jibondo anaijua hesabu hii bila kufungua simu. Maana yake kwa mteja ni kwamba kituo kinachoondoka saa tatu asubuhi siku zote, kwa sababu ndiyo saa wageni wamemaliza chai, siku za bamvua kinakupeleka mlangoni maji yakiwa bado yanapwa.

Mimi nilianza siku ya maji mafu. Siku ya kwanza tulitoka kijiji cha Utende saa mbili, tukashuka Kinasi saa mbili na nusu, na mzamo ulikuwa kama unavyopaswa. Siku zilizofuata walisogeza saa ya kuondoka bila kuombwa, na hapo ndipo walipostahili nyota zao. Siku ya tano wakateleza: kulikuwa na wageni wa kuwahi safari, boti ikaondoka mapema, tukashuka saa tatu na nusu wakati maji yangejaa saa saba na ushee. Tulikuwa katika saa ya tatu ya kujaa. Maji yalikuwa safi sana, ila ukuta wote wa Kinasi tuliupita kwa dakika chache, hakuna aliyeweza kusimama mahali, na waliojaribu kupiga mapezi kurudi nyuma walimaliza hewa yao mapema. Siku hiyo tulipaswa kupelekwa Milimani kwanza.

Milimani, kwa wasiopajua, ni safu ya vilima vya matumbawe ndani ya ghuba. Mkondo hauna ukali wa Kinasi, na hata maji yakianza kupwa bado panafaa kwa mzamo wa pili. Usikimbie pale. Ukikaa tuli mbele ya kilima kimoja na kupumua polepole, jambo la kwanza utakalopata ni sauti: samaki pono wanatafuna mwamba, na unasikia mdomo ukikwaruza jiwe, kwaru, kwaru, kisha wingu jeupe la mchanga linamtoka nyuma. Kwenye pango moja chini ya tumbawe bapa kulikuwa na samaki mkunga mwenye unene wa paja la mtu, kinywa wazi, na kamba wadogo wekundu wenye mstari mweupe mgongoni wakiingia hadi kwenye meno yake kumsafisha. Ukisogea chini ya mita moja kamba wanarudi ndani ya ufa na huduma inasimama. Ukirudi nyuma kidogo na kutulia, wanatoka tena. Kasa ng'amba nao wapo, kichwa kimezama kwenye sifongo wakila, na hawajali mtu asiyewafukuza.

Hali ya matumbawe si sawa kila mahali. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi magharibi, na mwaka 2016 yalipauka tena. Chole utaona sehemu zenye matumbawe bapa mapya yakiwa yamejipanga vizuri, na hatua chache mbele uwanja wa vipande vilivyokufa. Matumbawe ya matawi yanaweza kukua kama sentimita 10 kwa mwaka. Yale ya mviringo, kama mawe makubwa, hukua kama sentimita moja tu. Ukivunja kipande cha hayo kwa pezi, umevunja kazi ya miaka mingi.

Na mapezi hugonga matumbawe kwa sababu ya risasi, yaani uzito wa madini unaofungwa kiunoni ili mtu azame. Siku ya kwanza nilifungwa mkanda wa kilo 8, kama kila mtu kwenye boti, nikiwa na suti ya milimita 3. Zilizidi mno. Mtu mwenye risasi nyingi anazama miguu, anajaza hewa kwenye jaketi la kuelea ili asizame, hewa hiyo inatanuka akipanda hata mita mbili, anapaa, anaitoa, anazama tena, na kila mara miguu inatafuta pa kusukumia. Dai kupimwa kabla ya mzamo: ingia majini na vifaa vyote, toa hewa yote kwenye jaketi, simama wima, shika pumzi ya kawaida. Maji yakifika usawa wa macho, umepata. Ukitoa pumzi, uzame taratibu. Kama mtungi umejaa, ongeza kilo 2, kwa sababu mtungi wa aluminiamu ukikaribia kuisha huwa mwepesi na huanza kuelea, na hapo ndipo unapotakiwa kutulia mita 5 kwa dakika tatu kabla ya kutoka. Mimi niliishia na kilo 5, na matumizi yangu ya hewa yalipungua siku hiyo hiyo.

Hewa ndiyo iliyonifanya niwanyime nyota ya tano. Mitungi kadhaa ilisoma bar 180 (bar ni kipimo cha presha) badala ya 200. Sababu yake ni haraka: ukijaza mtungi kwa kasi, hewa inapata joto, geji inaonyesha 200, unafunga vali, mtungi ukipoa, presha inashuka. Dawa ni kujaza polepole, au kuongezea asubuhi mtungi ukishapoa. Hesabu ya hasara iko hivi. Mtungi wa lita 11 ukiwa na bar 200 una lita 2200. Akiba ya bar 50 haiguswi, kwa hiyo una lita 1650 za kutumia. Mita 20 chini presha ni mara tatu ya juu, hivyo anayevuta lita 18 kwa dakika akiwa juu, chini anamaliza lita 54. Hiyo ni kama dakika 30. Kwa bar 180 unabaki na dakika 26. Dakika nne unaweza kuziona ndogo, lakini umezilipia, na Kinasi zinaweza kuwa ndizo dakika ambazo maji yametulia. Soma geji yako kabla boti haijaondoka ufukweni, maana baadaye hakuna wa kukuongezea.

Ukiisoma, pumua mara nne kwa regulata, kifaa cha kuvutia hewa kwa mdomo, huku ukiiangalia sindano. Ikishuka na kupanda kwa kila pumzi, vali haijafunguliwa yote. Na nusa. Hewa nzuri haina harufu wala ladha. Ukisikia mafuta au moshi, kataa mtungi huo. Bomba la kuvutia hewa la kompresa, mashine ya kujazia mitungi, hutakiwa kukaa upande upepo unakotoka, mbali na moshi wa injini, na upepo ukigeuka bila mtu kuangalia, moshi unaingia mtungini. Mitungi ya kituo hiki haikuwa na harufu, na kompresa waliniruhusu kuiona.

Kasoro mbili za vifaa nilizozikuta ni za kawaida. Ya kwanza ni oringi, pete ndogo ya mpira, ya vali ya mtungi: unafungua, unasikia ssss pale regulata inapokaa. Jua na chumvi huikausha oringi, au chembe ya mchanga inakaa chini yake. Funga vali, bonyeza kitufe cha regulata hewa iliyobaki itoke, ivue regulata, itoe oringi kwa kitu butu (kisu kitachimba kitako chake na kuharibu kabisa), weka mpya, jaribu tena. Kazi ya dakika mbili. Mwongozaji wetu alikuwa nazo mfukoni, jambo zuri, lakini beba zako mbili. Ya pili ilikuwa kitufe cha kujazia jaketi kilichonata kwa chumvi, kikawa kinaingiza hewa kidogo kidogo chenyewe. Chini ya maji hilo ni hatari, linakupandisha bila kutaka. Likikutokea, chomoa bomba la hewa kwenye jaketi, kisha toa hewa. Baada ya hapo unajaza kwa mdomo. Jaketi walilibadilisha papo hapo. Kama lingesuuzwa kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, ndani na nje kila jioni, lisingenata.

Botini kulikuwa na mtungi wa oksijeni. Niliomba ufunguliwe nione geji, wakafungua bila kununa. Fanya hivyo popote, maana mtungi wa oksijeni uliofungwa kwa kufuli, au ulio mtupu, ni pambo tu. Kila mzamiaji alipewa boya la ishara la kujaza hewa, na Kinasi usishuke bila hilo: kwenye mawimbi kichwa cha mtu hakionekani hata mita 100. Mafia haina chumba cha presha cha kutibu wazamiaji, kwa hiyo kupanda kwa mita 9 kwa dakika na kusimama mita 5 usivione kama mapendekezo.

Kuhusu msimu: kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, ndiyo nafasi ya kutoka nje ya ghuba, kwa mfano ukuta wa Dindini, na maji hufika nyuzi 29. Kusi kikivuma, nje hakuendeki siku nyingi, unabaki ndani ya ghuba, na maji hushuka hadi nyuzi 25 hivi. Chukua suti ya milimita 5 na uongeze risasi kidogo. Papa potwe hawapo Chole. Wao huonekana upande wa magharibi, mbele ya mji wa Kilindoni, na hutazamwa kwa maski na mapezi bila mtungi. Ni safari tofauti yenye malipo tofauti, hivyo usikubali ikahesabiwa kama mmoja wa mizamo yako. Ada ya Hifadhi ya Bahari (hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1995) nayo hulipwa mbali na bei ya kituo. Dai risiti.

Kabla ya kulipa, piga simu uulize jambo moja: "Kesho maji yanajaa saa ngapi, na sisi tunaondoka saa ngapi?" Akikujibu swali la pili bila la kwanza, tafuta kwingine. Ukiweza kuchagua tarehe, fika siku moja kabla ya maji mafu, upate asubuhi tatu au nne za Kinasi bila kuhangaika.

Na ukipanga kuondoka, kumbuka kwamba baada ya mizamo ya siku kadhaa unatakiwa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Ndege ndogo za Kilindoni nazo zimo, kwani huruka chini lakini ndani hazina presha ya kuongezwa. Kwa ndege ya saa nne asubuhi, mzamo wa mwisho uwe umekwisha saa kumi jana yake. Anayetaka kuzamia asubuhi na kuondoka siku hiyo hiyo aulizie boti ya kwenda Nyamisati, bara. Hiyo inasafiri usawa wa bahari, na sharti la saa 18 haliihusu.