Ofisi ya leba Mombasa: uzoefu wangu baada ya kupunguzwa kazi

Anayetafuta pesa ya kila mwezi ya asiye na kazi, hapa Kenya hakuna. Kuna haki nyingine, na jinsi ulivyotoka kazini ndiyo huamua utapata nini.

Nilikuwa karani katika kampuni moja ya kliaringi, yaani ya kutoa mizigo bandarini, Kilindini kwa miaka tisa. Mizigo ilipoanza kupelekwa bara kwa reli ya SGR, kazi ilipungua, tukawa tunaitwa mmoja mmoja. Nilikuta barua imeshachapwa: ati naacha kazi kwa hiari yangu. Nitie sahihi, nichukue mshahara wa mwezi mmoja, tuagane kwa heri. Nikakataa, nikaenda ofisi ya leba.

Huduma ni bure. Ofisa aliyenisikiliza, mama mmoja mtulivu sana, alinieleza kama mtu anayemfahamisha mdogo wake. Ukijiuzulu, unadai mshahara wa siku ulizofanya na likizo uliyobakiza, basi. Ukipunguzwa, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri atoe notisi ya mwezi mmoja au alipe badala yake, amjulishe ofisa wa leba kwa maandishi, kisha akulipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 36,000. Siku 15 ni 18,000, mara tisa ni 162,000, nje ya notisi na likizo. Na mimi nilikuwa nawekewa kalamu nitie sahihi nizikose!

Wenzangu walikuwa wakitaja pia malipo ya utumishi, yale ya kila mwaka uliofanya kazi hata kama hukupunguzwa. Hayo kifungu cha 35 hakimpi anayekatiwa mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Na akiba ya NSSF yenyewe si ya kungojea kazi nyingine: huchukuliwa ukifika miaka 60, au 50 ukiwa umeshaacha kazi. Binamu yangu wa Tanga alishangaa, kwani kwao Tanzania kuna fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi sita kwa aliyechangia angalau miezi 18. Ila hata huko, aliyejiuzulu hapewi. Naona na sisi tunastahili fao kama hilo, maana kodi ya nyumba Kisauni haingojei.

Ofisa alimwita mwajiri, wakakaa na hesabu, nikalipwa.

Ukienda, beba barua ya ajira, karatasi za mshahara na ujumbe wowote mlioandikiana kuhusu kuondoka. Ukiwa umefukuzwa bila haki, peleka malalamiko ndani ya miezi mitatu. Dai pia cheti cha utumishi. Ni haki ya aliyefanya kazi kuanzia wiki nne, hata kama mliachana kwa ugomvi, na changu ndicho ninachozunguka nacho sasa nikiomba kazi Changamwe.