Vifaranga wapya bandani: wavu au usiku?

Uani kwangu Mbagala nimejaribu njia zote mbili za kuwachanganya vifaranga wapya na kuku wakubwa. Ya usiku ni rahisi: kuku wakishalala, unawapenyeza wageni kwenye kichanja, asubuhi wanaamka pamoja. Kwa matembe (kuku jike wasioanza kutaga) yanayolingana na wenyeji kwa umbo, inaweza kufaa. Kwa kifaranga wa wiki nne ni kumtoa kafara. Kulipopambazuka nilimkuta mmoja kajibanza nyuma ya ndoo, utosi umedonolewa hadi damu.

Wavu unataka subira. Unazungushia kona moja ya banda, vifaranga wanakaa humo wiki mbili hivi, wanaonana na wakubwa bila kufikiana. Ukiuondoa wakiwa na wiki nane au kumi, kudonoana kupo, ila ni kwa kuonyeshana nani mkubwa tu. Halafu kuna suala la chakula, ambalo wengi hatulifikirii: cha kuku wanaotaga kina chokaa nyingi, huumiza figo za wadogo. Wavu unatenganisha vyombo. Na kwa joto hili la Dar, maji yawepo pande zote mbili, kivulini.

Mimi niko upande wa wavu. Ila wageni wapate chanjo ya kideri, ugonjwa hatari wa kuku, kwanza, uchague njia yoyote.