Maabara ya udongo Kakamega: vipimo vizuri, kumbukumbu duni

Kwa mara ya pili katika miaka mitano nimepeleka udongo wa shamba langu kwenye maabara moja ya binafsi mjini Kakamega, na kwa kuwa majirani wamekuwa wakiniuliza kama inafaa kulipa shilingi 1,500 kwa kila sampuli, nimeona niyaandike niliyoyaona.

Mapokezi ni mazuri. Nilielekezwa bila haraka nichimbe sentimita 20 kwenda chini katika sehemu kama 15 za shamba, nichanganye udongo ndani ya ndoo safi, nilete nusu kilo, na udongo wa mahindi usikutane na ule wa mikaratusi. Majibu niliyoahidiwa baada ya siku kumi yalikuja baada ya wiki tatu. Hata hivyo, ripoti inapima hata alumini, jambo ambalo sikulitarajia kwa bei hiyo, nalo lina maana kubwa kwetu: pH, yaani kipimo cha asidi ambacho namba yake hushuka asidi inapozidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi, alumini huanza kuyeyuka, ikadumaza ncha za mizizi na kuishikilia fosforasi tuliyoinunua kwa pesa nyingi. Ushauri wa chokaa ya kupunguza asidi umeandikwa kwa tani kwa hekta, kana kwamba kuna mkulima huku anayehesabu hekta. Tani 2 zilizopendekezwa ni magunia 16 hivi ya kilo 50 kwa ekari.

Tatizo langu kubwa ni kumbukumbu. Ripoti yangu ya kwanza ilionyesha pH ya 5.4 na hii ya pili 4.9, nami nikaingiwa na hofu, kwa maana mvua yetu nyingi husomba kalsiamu na magnesiamu, madini yanayouzuia udongo usiwe na asidi, kila gunia la mahindi na kila gogo huondoka na sehemu yake, na mbolea ya DAP tunayopandia kila mwaka huongeza asidi pale amonia yake inapogeuka kuwa naitreti. Lakini nilipouliza, karani hakuipata faili yangu ya zamani. Fundi alipoiangalia nakala niliyoitoa mfukoni ndipo alipogundua kwamba wakati ule walipima udongo katika maji, na sasa wanapima katika myeyusho wa kloridi ya kalsiamu, ambao kwa kawaida hutoa namba ya chini zaidi. Ripoti ya pili haikutaja hilo popote. Kwa hiyo ile nusu pointi ya pH iliyopotea huenda haikupotea kabisa, au ilipotea kidogo tu.

Wanaoijua kazi hii hawazichukulii kumbukumbu kirahisi hivyo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza kimehifadhi sampuli za udongo tangu karne ya 19, na ndiyo sababu inajulikana kwamba Geescroft, shamba lililoachwa miaka ya 1880 likageuka msitu, pH ya udongo wake wa juu ilitoka karibu 7 mwaka 1883 hadi karibu 4 karne moja baadaye. Broadbalk, kipande jirani kilichoachwa kipindi hicho hicho nacho kikawa msitu, hakikushuka hivyo, kwa kuwa wakulima wa zamani walikuwa wamekimwagia chokaa kwa wingi. Huko Hubbard Brook, msitu wa utafiti katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, vipimo vya maji ya vijito vilivyoanza mwaka 1963 ndivyo vilivyoonyesha jinsi mvua ya asidi ilivyoukamua msitu kalsiamu, hata mwaka 1999 watafiti wakairudisha kwa helikopta. Upotevu wa namna hiyo ni wa polepole mno kuonekana kwa macho. Huonekana pale tu vipimo vya jana na vya leo vinapochukuliwa kwa njia moja, mahali pamoja.

Kwa anayetaka kujua chokaa ya msimu huu tu, ninaipendekeza maabara hii. Anayetaka kujua shamba lake linakoelekea aulize kwanza wanapima kwa njia gani, na aidai iandikwe kwenye ripoti.

Niliomba udongo wangu upimwe upya katika maji. Fundi, kwa upole na aibu kidogo, alisema masalio ya sampuli hutupwa ripoti inapotoka. Nimelipa tena, na safari hii nusu kilo nyingine imebaki nyumbani ndani ya chupa kavu, iliyoandikwa tarehe, kina na mahali nilipochimba.