Saa, mkanda au bangili? Cha kununua ukitaka kuhesabu kalori hapa Lamu

Siku moja nilimvalisha mama bangili yangu ya mazoezi, akaketi juu ya mbuzi kukuna nazi mbili za wali. Alipomaliza, bangili ilisoma hatua mia tatu na ushei, na mama hakuwa ameinuka. Jioni nikampa jirani yetu anayesukuma mkokoteni wa saruji kutoka gatini. Mikono yake ilishika vishikio muda wote, haikuchezacheza, basi akapata hatua chache kuliko za mama. Mama alicheka hadi machozi.

Kihisi cha mwendo kilicho ndani ya bangili hakipimi nguvu. Kinapima mtikisiko, kisha programu inakisia kalori kwa umri, uzito, urefu na jinsia ulizoandika. Gunia begani hakilioni, na mchanga pia hakiujui. Watafiti wa Ubelgiji walionyesha mwaka 1998 kwamba kutembea mchangani hula nguvu mara 2.1 hadi 2.7 ya kutembea pagumu kwa kasi ileile. Kwa hivyo ukitembea ufuo wa Shela, kifaa kinakuhesabia kama uko kwenye lami.

Mwaka 2017, Chuo Kikuu cha Stanford kilijaribu vifaa 7 vya mkononi kwa watu 60. Katika mapigo ya moyo, 6 vilikosea chini ya asilimia 5. Kwenye kalori, kilichofanya vizuri zaidi kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya kuliko vyote asilimia 93. Modeli zile zimepitwa na wakati, lakini mimi bado sinunui kifaa kwa ajili ya kalori. Nanunua kwa ajili ya mapigo na hatua, na ndivyo nilivyovipanga hapa.

Cha kwanza ni mkanda wa kifuani, mfano Polar H10. Unanasa umeme wa moyo wenyewe, kwa hivyo mzigo ukikuchosha utaonekana kwenye mapigo. Hujificha chini ya kanzu au buibui. Ulowanishe kidogo kabla ya kuvaa, na uunganishe na simu. Kasoro yake ni kwamba joto la kaskazi na kikombe cha kahawa chungu pia hupandisha mapigo, na programu itadhani unafanya kazi.

Cha pili, saa yenye kihisi cha mapigo na GPS. Hii ndiyo itakayowafaa wengi, ila ina mambo yake. Nyingi hutumia mwanga wa kijani, na ngozi nyeusi huumeza zaidi. Wale wa Stanford waliona makosa yakizidi kwa wenye ngozi nyeusi. Ivae juu kidogo ya kifundo cha mkono, ikaze isichezecheze, na bibi harusi aihamishe mbali na piko, ile rangi nyeusi ya urembo inayoziba mwanga. GPS yake nayo hubabaika katikati ya vichochoro vya mtaa wa Mkomani, ikachora kama ulipita ndani ya nyumba za watu. Tafuta iliyoandikwa 5 ATM, alama ya kustahimili maji, na ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Cha tatu ni pedometa ya kubana kiunoni. Ni rahisi, na kwa kutembea tu huhesabu hatua vizuri kuliko mkononi, kwani kiuno hakikuni nazi. Ukipanda punda itamhesabu punda.

Simu mfukoni ni ya nne, kwa kuwa tayari unayo.

Bangili isiyo na jina naiweka mwisho. Yangu niliinunua kwa elfu mbili, na sasa mama anaitazamia saa tu.

Ukiwa dukani, funga kifaa mkononi, shika mshipa wa mkono wa pili, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa 2, ulinganishe. Kisha toka nje utembee hatua 100 ukihesabu mwenyewe kwa sauti. Watu watakutazama. Kifaa kikipungukiwa hatua 15 au zaidi, kirudishe juu ya kaunta.