Wiki kumi za kuandaliwa kurudi kazini: nyota nne, na nyota moja niliyoizuia

Nilikaa nyumbani miaka sita. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa stoo. Akaja mtoto wa kwanza, akaja wa pili, kisha mama mkwe akaugua, na hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda. Nilipoanza tena kutuma maombi ya kazi sikujibiwa hata moja. Ndipo nikajiandikisha kwenye mafunzo ya bure ya wiki kumi, siku tatu kwa wiki, ya kuwaandaa wanawake wasio na ajira. Shirika silitaji, maana nina ya kusifu na ya kulalamikia.

Wiki ya kwanza nusura niache. Siku mbili nzima tulikaa duara tukisikiliza mzungumzaji wa kutia moyo. Alitutaka tufumbe macho tujione tumeketi ofisini kwetu. Mimi nilichokiona ni mwanangu, niliyemwacha kwa jirani akiwa na homa. Ndoto kila mmoja alikuja na zake. Tulitaka mtu atueleze kwa nini barua zetu hazijibiwi.

Huyo alikuja wiki ya pili: mama mmoja mkali, aliyewahi kuajiri watu kwa miaka mingi. Wasifu wangu ulikuwa na picha, jedwali, na safu mbili zenye rangi, nao ulinigharimu usiku mzima. Akaunakili wote, akaubandika kwenye faili tupu. Namba yangu ya simu ikaangukia katikati ya jina la shule, na tarehe za kazi zikahamia kwenye lugha ninazozungumza. Akasema waajiri wengi wakubwa hupitisha maombi kwenye programu ya kuchuja kabla hayajamfikia mtu, na baadhi ya programu hizo husoma vurugu kama ile tuliyokuwa tunaitazama. Nikauandika upya: safu moja, bila picha.

Halafu likaja pengo la miaka sita. Mkufunzi wa kwanza alikuwa amenishauri niandike "Meneja wa Kaya". Huyu mama akalifuta. "Mwajiri akisoma hii atacheka, na wewe utamwona anacheka." Akaniuliza kama kwa miaka yote hiyo hakuna mahali nilipokabidhiwa cha watu. Nikakumbuka kuwa nilikuwa mweka hazina wa kamati ya wazazi shuleni kwa miaka mitatu: nikipokea michango, nikitunza stakabadhi, nikisoma ripoti kila mwisho wa muhula. Sikuwahi kuihesabu kuwa kazi kwa sababu sikulipwa. Ikaingia. Chini yake mstari mmoja tu: nililea watoto na kumuuguza mzazi. Bila kuomba radhi.

Chumba cha nguo za usaili nilikidharau mwanzoni. Wazo lenyewe si geni; Dress for Success, shirika linalowapa wanawake nguo za usaili, ilianza New York miaka ya 1990, pale Nancy Lublin alipotumia dola 5,000 alizorithi. Nilipata koti lililonikaa sawasawa na nikaacha kuvutavuta mikono ya blauzi. Viatu vya saizi yangu havikuwepo.

Lakini kama ningelazimika kuchagua siku chache tu, ningechagua usaili wa mazoezi. Ulifanyika mara tatu, mbele ya watu tusiowajua, simu ikirekodi. Kwenye ule wa kwanza nilisema "samahani" mara kumi na moja. Nikasimulia pia jinsi hesabu ya stoo ilivyokosa katoni 40: tulikagua, tuligundua, tulirekebisha. Msaili akanikatiza: "Wewe ulifanya nini?" Kumbe kila kitenzi nilikianza na "tu". Ukweli ni kwamba nilipekua peke yangu hati za kupokelea mzigo hadi nikaona moja imeingizwa mara mbili. Tukafundishwa kupanga jibu: hali ilikuwaje, jukumu langu lipi, nilichukua hatua gani, matokeo yakawa nini. Mara ya tatu nikaanza vitenzi na "ni", koo limenikauka.

Haki za kazini zilipewa saa mbili pekee. Tuligusia Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000, unaotaka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na ule namba 190 wa mwaka 2019 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini. Mkufunzi alisisitiza kuwa mikataba hii huzibana nchi zilizoiridhia, kwa hiyo kila mmoja asome sheria ya kwao na karatasi anayotia saini. Mikono ilikuwa bado juu muda ulipoisha. Hapo nilizikumbuka zile siku mbili za kufumba macho.

Nyota niliyoizuia ni ya watoto. Darasa la akina mama, linaanza saa mbili kamili asubuhi, na hakuna hata chumba cha kuwaweka watoto. Tulianza 19. Watano waliacha, wanne kati yao wakiwa na watoto wadogo.

Nilipata kazi ya karani wa ghala, mkataba wa miezi sita. Wiki ya tatu nilitaka kuacha, kwa sababu kila kitu siku hizi ni kuskani, na kijana wa zamu yangu alikuwa akininyang'anya mashine ili "tusichelewe". Mshauri wa mafunzo akapiga simu, kama walivyoahidi. Hakunihubiria. Aliuliza, "Kitufe gani kinakushinda?" Jumamosi akanitafutia mhitimu mwenzetu anayetumia mashine kama ile, tukakaa saa moja na nusu.

Ukienda, beba wasifu wako wa zamani hata kama unauonea aibu, na uliza mapema kama wanapiga simu ukishaajiriwa. Zile siku mbili za mwanzo, kama mtoto ana homa, baki naye.